Namna ya Kupita Wodini Bila Kumpita Mgonjwa

"Ndugu watoke nje, madaktari wanapita!"

Tangazo hilo likishasikika asubuhi, wodi nzima hubadilika. Hotipoti husukumwa chini ya kitanda, chandarua hufungwa fundo, shuka huvutwa hadi kidevuni, na mgonjwa aliyekuwa akipiga soga na jirani yake tangu alfajiri huanza kuumwa rasmi. Kisha mlangoni hutokea daktari bingwa, na nyuma yake msururu wa makoti meupe uliopangwa kwa cheo, kama bwana harusi anayesindikizwa ukweni. Kinachokosekana ni vigelegele tu.

Msafara huo ndio raundi. Kwa daktari ni kazi moja kati ya nyingi: kliniki inamngoja, chumba cha upasuaji kinamngoja, na hajanywa chai. Kwa mgonjwa, raundi ndiyo siku yenyewe. Ameisubiri tangu jana. Humo ndimo atakapojua kama anapata nafuu, kama atapasuliwa, kama ataruhusiwa kurudi nyumbani, na kama mwanawe auze mbuzi au aache kwanza. Raundi ikimpita bila jibu, hata kama dawa aliyoandikiwa ndiyo bora kuliko zote, jioni atawaambia waliokuja kumwona kwamba hapa hawamjali. Nao watayasambaza hayo kwenye daladala, ambako maoni ya wagonjwa hufika mapema kuliko kwenye sanduku la maoni lililopo mapokezi.

Mwongozo huu ni wa daktari, nesi na mwanafunzi aliyemo kwenye msafara huo, na mwishoni ni wa mgonjwa mwenyewe. Utani umo, maana wodi isiyo na utani haikaliki, lakini kila hatua nimeiandika ili ifuatwe.

Mahitaji

Kiti kimoja, hata stuli ya plastiki. Jina lako. Masikio mawili. Kiswahili. Pazia. Nesi aliyekesha na wagonjwa usiku. Na dakika zilezile ulizo nazo, kwa sababu hakuna anayekuomba uongeze hata moja.

Hatua ya 1: Piga hodi

Mtu aliyelelewa haingii chumbani kwa mtu mzima bila hodi. Kitanda cha wodini ndicho chumba cha mgonjwa, hana kingine. Ukuta wake ni chandarua, na kabati lake ni kile kimeza chenye chupa ya chai, sabuni na kanga iliyokunjwa. Kwa hiyo usianze kwa kufunua shuka. Kama mgonjwa amekuzidi umri, shikamoo itangulie stethoskopu, nawe usubiri marahaba.

Marahaba hiyo usiidharau, maana ni kipimo cha bure. Inakuonyesha kama mgonjwa yu macho na anaelewa, kama pumzi inamtosha kulimaliza neno, na kama upande mmoja wa mdomo umelegea. Umempa heshima yake na umempima kwa pumzi moja, na maabara haijadai chochote.

Baada ya hapo taja jina lako na kazi yako. Mwaka 2013, Kate Granger, daktari wa wazee nchini Uingereza aliyekuwa na saratani, alilazwa hospitalini na kugundua kwamba wengi waliomhudumia hawakujitambulisha. Aliyemsukuma kwenye kitanda cha magurudumu ndiye aliyemwambia jina lake, na Granger aliona tofauti kubwa moyoni. Akiwa bado mgonjwa alianzisha kampeni ya kuwakumbusha watumishi wa afya waanze na maneno machache tu: habari, jina langu ni fulani. Kampeni hiyo ilienea ndani na nje ya Uingereza kabla hajafariki mwaka 2016. Aliyetufundisha jambo hilo alikuwa daktari, na alilijua vizuri zaidi alipolala upande wa pili wa shuka.

Mgonjwa naye ana jina. "Kitanda namba saba" ni anwani. Aliyelala humo ni Bi. Fulani au Mama Fulani, na faili unalolishika limeliandika jina lake kwenye jalada, kwa herufi kubwa.

Hatua ya 2: Kaa kitako

Hii ndiyo hatua rahisi kuliko zote, na ndiyo inayorukwa kuliko zote. Daktari akisimama kwenye miguu ya kitanda, mgonjwa humwona kama mtu aliye njiani. Akikaa, hata kwa dakika moja, mgonjwa humwona amefika.

Watafiti wa hospitali ya Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, walilipima jambo hili kwa wagonjwa 120 waliofanyiwa upasuaji wa mgongo, wakachapisha matokeo mwaka 2012. Daktari aliposimama, alitumia takribani dakika moja na nusu kwa mgonjwa; mgonjwa alidhani hazifiki nne. Alipoketi, alitumia takribani dakika moja tu. Mgonjwa alidhani zimepita tano. Soma tena hapo, daktari mwenye haraka. Aliyeketi alitumia muda mfupi zaidi, na akahesabiwa kuwa alitoa muda mrefu zaidi.

Desemba 2023 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti mwingine, uliofanyika katika hospitali moja ya Texas, ambao ungeweza kubuniwa na bibi yako. Watafiti waliweka kiti karibu na kitanda, kikimtazama mgonjwa, bila kuwaambia madaktari kwamba kinachochunguzwa ni kiti. Kwingine kiti kiliachwa mahali pake pa kawaida. Katika mazungumzo 125 yaliyofuatiliwa, pale kiti kilipokuwa karibu, madaktari waliketi katika asilimia 63 ya mazungumzo. Pale kilipokuwa mbali, waliketi katika asilimia 8 tu. Wagonjwa waliowekewa kiti karibu waliridhika zaidi, na muda wa mazungumzo haukubadilika. Madaktari wale hawakupewa semina wala posho. Walisogezewa kiti.

Najua wodi zetu. Kuna zenye vitanda vilivyobanana hadi nesi hupita kiubavu, na kuna zenye wagonjwa wawili kitanda kimoja. Hapo stuli moja inayobebwa na mwanafunzi wa mwisho katika msafara inatosha wodi nzima. Isipopatikana kabisa, chuchumaa au inama hadi macho yenu yalingane. Unachotafuta ni mgonjwa asikutazame kama anayetazama minara.

Hatua ya 3: Nyamaza

Uliza, "Leo kinachokusumbua zaidi ni nini?" kisha ufanye jambo gumu kuliko kuweka kanyula kwenye mshipa wa mtoto: usiseme kitu.

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa kliniki, wakakuta kwamba kwa wastani daktari humkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18. Kwa salamu za pwani, sekunde 18 hazitoshi hata kuulizana habari za watoto. Hofu ya daktari ni kwamba akimwachia mgonjwa mdomo, jua litazama. Lakini utafiti wa Uswisi wa mwaka 2002 ulipowaachia wagonjwa 335 waseme bila kukatizwa, kwa wastani walimaliza kwa sekunde 92, na takribani wanane katika kila kumi walikuwa wamemaliza ndani ya dakika mbili.

Na katika dakika hizo mbili ndimo linamotoka lile ambalo halimo kwenye faili: kwamba dawa ya jana haikunywewa kwa sababu duka la hospitali halikuwa nayo na ndugu hakuwa na nauli ya kwenda kuitafuta mjini, kwamba anakohoa usiku tu, kwamba ana siku nne hajapata choo na aliona aibu kuwaambia vijana. Kumsikiliza ni sehemu ya uchunguzi, kama kumgusa tumbo.

Hatua ya 4: Jadili lugha yoyote, malizia Kiswahili

Hapa ndipo raundi nyingi zinapojeruhi, nami ninaomba isomwe polepole.

Tumchukue bibi wa kitanda namba saba. Ana kisukari na kidonda cha mguu. Daktari mwanafunzi anasoma historia yake kwa Kiingereza, bingwa anauliza kwa Kiingereza, wengine wanajibu kwa Kiingereza. Bibi anatazama midomo, haambulii kitu. Kisha bingwa anachukua kalamu na kuipitisha hewani juu ya kifundo cha mguu, kutoka kushoto kwenda kulia, akiwaonyesha wanafunzi wekundu umeishia wapi. Wote wanatikisa kichwa. Wanakwenda kitanda namba nane.

Kila wodi ina profesa wake: mgonjwa aliyekaa pale majuma mengi, anayejua zamu za manesi, bei ya vipimo na tabia za kila daktari. Msafara ukishatoka, bibi anamgeukia profesa huyo wa dirishani. "Mwanangu, wamesemaje?" Naye, ambaye aliona kalamu kama bibi alivyoiona, anatafsiri kwa uhakika wote: "Wamesema mguu unakatwa hapa."

Kukata hakukuzungumzwa hata kidogo. Mguu ulikuwa unaendelea vizuri. Lakini bibi analia hadi jioni, hali chakula, sukari inamyumba, na mwanawe akija anaambiwa akatafute gari warudi nyumbani kwa mganga wa kienyeji. Kesho yake faili litaandikwa kwamba mgonjwa ametoroka, na lawama ataachiwa yeye.

Kiingereza hakina kosa. Ndicho walichosomea, na hoja za kitabibu lazima zijadiliwe. Kosa ni kuondoka kabla ya kumrudishia mgonjwa habari zake. Mwaka 1997 jarida la New England la tiba lilichapisha jaribio la Baltimore, Marekani, lililolinganisha wagonjwa waliojadiliwa kando ya vitanda vyao na waliojadiliwa chumba kingine. Waliojadiliwa kitandani waliona madaktari wamekaa nao muda mrefu zaidi, lakini waliomba maneno magumu yapunguzwe. Uswisi nako, katika hospitali tatu na wagonjwa 919, utafiti wa mwaka 2021 ulionyesha kwamba majadiliano ya kitandani yaliokoa muda, takribani dakika 12 kwa mgonjwa badala ya 14, ila yaliwachanganya wagonjwa zaidi kwa istilahi na kwa mabishano ya madaktari mbele yao. Ikiwa Mswisi anachanganywa na lugha yake mwenyewe, bibi yetu afanyeje na ya kigeni?

Dawa yake ni sentensi tatu. "Bibi, tulikuwa tunautazama mguu wako. Wekundu umepungua, umeishia hapa, jana ulifika hapa. Mguu haukatwi, tunaendelea na sindano na kusafisha kidonda kila siku." Zisemwe kwa sauti ya kutosha, ili hata profesa wa dirishani azipate na aitangaze habari iliyo sahihi.

Hatua ya 5: Vuta pazia, shusha sauti

Sauti hiyo ya kutosha ina mipaka. Kuna mambo ambayo kitanda namba sita na namba nane hayawahusu: majibu ya damu, mimba, ugonjwa wa zinaa, kilichotokea nyumbani hadi mama akaletwa na majeraha. Tanzania ina Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 na Kenya ina yake ya mwaka 2006, na zote zinalinda siri ya aliyepimwa. Lakini siri haivuji kwenye karatasi tu. Huvuja pale daktari anapotaja jina la dawa mbele ya wodi nzima, na wodi nzima inayajua majina ya dawa hizo.

Mambo hayo yasubiri raundi ipite, kisha mtu mmoja arudi peke yake, au mgonjwa aitwe chumba cha nesi. Na kabla ya wanafunzi kumi kuligusa tumbo moja, tumbo liombwe ruhusa. William Osler, aliyeifanya hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore iwe mfano wa kufundishia kando ya kitanda, aliamini mwanafunzi hujifunza tiba wodini, kwa mgonjwa. Ni kweli, na ndiyo maana mgonjwa ni mwalimu. Mwalimu huombwa, na mwishoni huambiwa asante.

Hatua ya 6: Muulize aliyekesha

Nesi wa zamu ya usiku anajua nani alitapika saa nane, nani alilia, nani aliifungua dripu yake kwa ukucha, na ndugu wa nani hawajaonekana siku tatu. Katika raundi nyingi kazi yake huwa kusukuma toroli na kuonyesha faili lilipo. Mpe nafasi ya kusema kabla daktari hajaamua. Mgonjwa anapomwona daktari akimsikiliza nesi, huondoka na imani kwa wote wawili, na saa sita mchana nesi atakapomwambia ameze dawa, atameza.

Hatua ya 7: Taja saa, kisha urudi

"Tutaangalia" haina saa. "Kesho" nayo mgonjwa ameshaisikia jana. Mwambie leo kitafanyika nini, na nani, na baada ya nini: "Picha ya kifua leo kabla ya saa sita. Majibu nitakuletea mimi mwenyewe kabla sijaondoka zamu." Majibu yasipopatikana, njoo umwambie hayajapatikana. Mgonjwa huvumilia ucheleweshaji alioelezwa. Kinachomvunja ni kusahaulika.

Kurudi huko si kwa daktari peke yake. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, uliohusisha wodi za hospitali 14, ulionyesha kwamba manesi walipopita kwa ratiba, kila saa au kila saa mbili, kengele za wito zilipungua, na pale walipopita kila saa wagonjwa walioanguka nao walipungua, kuridhika kukapanda. Maswali yao yalikuwa ya kawaida kabisa: unaumwa? unataka choo? umelala vizuri? unachokihitaji kiko karibu na mkono wako? Katika wodi zetu kengele ya wito mara nyingi ni sauti ya mgonjwa wa jirani anayeita, "Nesi! Huyu mzee anataka kushuka!" Nesi mmoja mwenye wagonjwa 40 hawezi kupita kila saa, na wanaopanga ikama wanalijua hilo na wanapaswa kulirekebisha. Lakini hata mara mbili kwa zamu, kwa wale waliozidiwa, mzee hataanguka akitafuta choo gizani.

Kwa mgonjwa na ndugu zake

Nawe uliyelazwa una wajibu. Usiku andika maswali mawili, au umwambie kijana wa kitanda cha jirani akuandikie kwenye simu. Mawili tu, ukiandika kumi, utajibiwa la kwanza. Anza na lile unaloliogopa. Taja dawa zote unazotumia, pamoja na ile ya mizizi iliyoingizwa wodini ndani ya chupa ya uji. Daktari hatakuchapa, ila asipojua anaweza kukuandikia isiyopatana nayo. Usipoelewa, sema sijaelewa. Heshima kwa daktari haimaanishi kuitikia ndiyo kwa kila kitu, kisha umwulize mfagizi.

Ndugu nao wachague msemaji mmoja, aombe kubaki wakati wa raundi au aulizie saa ambayo daktari anaweza kuzungumza naye. Wajomba saba wakiuliza kwa zamu, huzaliwa majibu saba, na nyumbani huzuka kikao.

Tahadhari

Usitafute kumridhisha mgonjwa kwa kumpa kila anachotaka. Wapo wanaoamini hawajatibiwa mpaka wachomwe sindano au wawekewe dripu, na dripu ya maji humfurahisha hata asiyeihitaji. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani waliofuatilia maelfu ya watu wazima walikuta kwamba walioridhika zaidi na madaktari wao walitumia fedha nyingi zaidi, na walifariki kwa wingi zaidi kuliko wasioridhika sana. Utafiti huo hauthibitishi kwamba furaha inaua, lakini unatosha kutukumbusha kwamba kubembeleza si kutibu. Kuridhika ninakokutetea hapa ni kule kunakotokana na kuheshimiwa na kuambiwa ukweli, hata ukweli ukiwa mchungu. Mgonjwa aliyeambiwa kwa upole kwamba hapewi dripu, na kwa nini, amehudumiwa vizuri kuliko aliyewekewa ili anyamaze.

Kipimo cha mwisho

Raundi ikiisha, mtume mtu mmoja arudi kwa wagonjwa watatu, awaulize kila mmoja mambo matatu: daktari wako ni nani, unaumwa nini, na leo utafanyiwa nini. Wakijibu, raundi imefanyika. Wakisema "sijui, wamepita tu," basi kazi ya asubuhi bado haijaisha, na mwenye koti jeupe achukue stuli arudi, hata kama chai inapoa. Wakuu wa hospitali wanaotaka kujua wagonjwa wanawaonaje waanze na kipimo hicho kabla hawajachapisha fomu nyingine ya maoni. Hakihitaji bajeti, na majibu yake hupatikana kabla ya saa sita mchana.